Uzinduzi wa Kitabu cha Shimo la Pamoja

(Hotuba ya Ndugu Machano Borafya, mtungaji wa vitabu na Mkuu wa Idara Ndogo ya Vipaji na Utendaji wa Makundi, aliyoitoa katika ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe, mwaka 1971, mbele ya akina mama thelathini na wawili walioletwa kwa lori kutoka Paje.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Makamo wake, aliyekwenda kumtafuta. Ndugu Msimamizi wa Viti na Maturubali. Waheshimiwa wageni wetu kutoka nchi rafiki, ambao naambiwa bado wako bandarini. Wazee wetu mliotakiwa kukaa mbele mkakaa nyuma karibu na mlango. Akina mama wa Paje, mliokaa chini kwa hiari yenu baada ya viti kuwekewa wageni. Ndugu Gharib, mpiga picha. Na mimi mwenyewe, kwa kuwa itifaki inataka kila mtungaji aliyepo atambuliwe: assalaam alaykum. (Wanaitikia. Makofi ya mtu mmoja, Ndugu Hija, katibu wake.)

Kabla sijaanza, naona Bi Mwatima amenyoosha mkono. Shikamoo, Bi Mwatima. ("Marahaba, mwanangu. Mie nna neno moja tu.") Neno moja litapata wakati wake, limo kwenye ajenda, namba kumi na moja, chini ya Mengineyo. Leo ni siku ya kitabu. Kitabu hiki, kiitwacho Shimo Moja, Kundi Moja, ni cha kwanza katika visiwa hivi, na pengine katika bahari yote hii, kueleza kisayansi namna ya kukuza kipaji cha mtu na namna ya kupandisha pafomansi ya kundi, yaani utendaji, yaani ile hali ya watu wengi kufanya jambo moja kwa wakati mmoja chini ya mtu mmoja. (Bi Kazija anamwuliza jirani yake mtu mmoja huyo ni nani.) Namkabidhi Bi Mwatima akishike kwa niaba ya wenzake. Jalada mbele, Bi Mwatima, upande wenye picha yangu. Gharib, piga. Piga tena, nilifumba macho.

Wageni wetu wakifika watataka kujua kwa nini nilichagua Paje kuwa maabara ya fikra zangu. Akina mama hawa, tangu enzi za bibi zao, hufukia makumbi ya nazi pwani, pale maji yanapofika, kila mmoja katika shimo lake alilolizungushia mawe yake, wakayaacha miezi sita yaoze yalainike, kisha huyafukua, wakayaponda kwa magongo, wakapata usumba wa kusokotea kamba. Siku niliyofika mara ya kwanza nilikuta wanaponda. Bi Mwatima anaongoza wimbo, wenzake wanaitikia, na magongo thelathini na mawili yanashuka pamoja bila ya mtu yeyote kutoa amri. Nilishangaa, tena nilichukia, nasema kweli, kwa sababu kundi lilikuwa likifanya kazi na Idara haina habari.

Basi tuliingia kazini, na kasoro tulizigundua mapema, nyingine kabla sijashuka garini. Kasoro kubwa ilikuwa ni ule ubinafsi wa mashimo, mtu na shimo lake, mtu na mawe yake, jambo ambalo katika ulimwengu wa leo wa mipango na takwimu haliwezi kuvumiliwa, na kwa hiyo niliamuru lichimbwe shimo moja la pamoja, refu kuliko ukumbi huu, makumbi yote yakatiwa humo, ya zamani na mapya, ya huyu na ya yule, mpaka mwenyewe asijue lake ni lipi. (Miguno.) Miguno hiyo, waheshimiwa, ni dalili ya umoja.

Kisha tukaja kwenye vipaji. Bi Mwatima, ambaye anajua kwa kunusa tu kama makumbi yamewiva, tulimwondoa kwenye kazi hiyo tukampa cheo cha Mtunza Daftari la Mahudhurio, kwa kuwa kipaji kikitumiwa kila siku huchakaa, kama nilivyoeleza kwa kirefu katika sura ya pili. (Bi Mwatima anafunua kitabu kutafuta sura ya pili. Anafunua tena. Anafunua mpaka mwisho.) Tazama jalada, Bi Mwatima, ya ndani ni ya kusoma nyumbani. Na Bi Kazija, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajapata kuimba hata mtoto akalala, tukampa wimbo auongoze, tena wimbo mpya wa beti kumi na saba unaoisifu Idara, ili naye akuzwe. (Kicheko. Bi Kazija anajifunika uso kwa ukaya.) Magongo yalipoanza kugongana tulileta firimbi. Firimbi ilipowachanganya zaidi tulileta firimbi ya pili.

Makumbi tuliyafukua mwezi wa pili badala ya wa sita, kwa sababu kitabu kilihitaji picha na Ndugu Gharib alikuwa na nafasi siku ile tu. Bi Mwatima aliinama akanusa, akanambia, nanukuu kama yalivyo kwa faida ya watafiti wa baadaye: "Mwanangu, haya hayajawiva. Yarudishe chini." Hapo ndipo mnapoiona tofauti baina ya uzoefu na utaalamu, kwani mimi sikunusa. Tukaponda. Na matokeo nimekuja nayo kwa tarakimu. Kabla ya Idara kufika, Paje ilikuwa ikitoa kamba arobaini kwa mwezi, kiwango ambacho hakikuwemo katika mpango wowote. Baada ya Idara imetoa kamba tatu, lakini tatu zilizopangwa, na moja ninayo ofisini, inafungia kabati. Ukichukua mahudhurio, ukajumlisha vyeo vipya, ukajumlisha na firimbi, utendaji umepanda kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. (Hija anakumbuka, anapiga makofi.)

Bi Mwatima amesimama tena. Haya, namba kumi na moja tunaipandisha juu, ili isije ikaandikwa kwamba mtungaji hasikilizi. ("Bwana Machano, makumbi yetu uliyoyafukua, haya yasiyopondwa, yako juani siku ya tatu leo. Yakikauka ndiyo basi, kazi ya mwaka mzima imekwenda. Na bamvua, haya maji makubwa ya kujaa na kupwa, linakwisha kesho. Likishakwisha, maji hayapwi mpaka kwenye mashimo hadi baada ya wiki mbili. Sie tunataka kujua hilo tu: turudi tukayafukie, kila mtu kwenye shimo lake, au tusirudi?")

Nakushukuru kwa swali zuri, ambalo linaonesha kipaji cha kuuliza. Jibu lake limo katika sura ya tano, na kwa kuwa sura ya tano ni nzito, Idara imeamua kwamba akina mama wote hawatarudi Paje leo, bali watabaki hapa mjini kwa semina ya siku tatu juu ya kurudi Paje. (Kelele. Sauti ya mwanamke: "Siku tatu?") Siku tatu tu. Baada ya hapo itaundwa kamati ya mashimo, nayo itaitembelea pwani maji yakiwa yamejaa, ili tathmini ifanyike bila ya kuchafua viatu. Na bahari nayo, ndugu zangu, ni lazima ijifunze kwenda na mpango.

(Bi Mwatima haketi. Anaanza wimbo wa kupondea makumbi, ule wa zamani, kwa sauti ndogo. Wenzake wanaitikia. Wanainuka wote thelathini na wawili pamoja, wanakung'uta mabuibui yao, wanaelekea mlangoni.)

Tazameni, waheshimiwa. Wameinuka wote kwa mpigo mmoja, bila ya firimbi. Hiyo ndiyo sura ya nne. Gharib, piga. Gharib anasema filamu imekwisha, imeishia kwenye jalada. Basi wewe, Hija, andika: nani kaanza, nani kafuata, wamejuana vipi. Andika upesi kabla hawajatoka. Akina mama, ngojeni kidogo, wimbo huo unakwendaje? (Wanaendelea kutoka. Nje, lori linaunguruma.)

Nimalizie basi na kaulimbiu zetu. Shimo? (Hija: "Moja.") Kundi? (Hija: "Moja.") Kipaji? (Hija: "Cha Idara.") Kwa sauti zaidi, Hija, wewe ni ukumbi mzima sasa.

Imebaki shukurani. Namshukuru dereva Kurwa, mzaliwa wa Paje, ambaye naona ameshawasha gari la Idara kabla ya kupewa amri. Navishukuru viti. Namshukuru Ndugu Hija, aliyelichora jalada kwa mikono yake, na ambaye ndiye aliyetoa rai kwamba ndani tutie karatasi tupu za madaftari ili kitabu kisimame mezani, karatasi ambazo tumeziazima skuli na mwalimu mkuu anazitaka Jumatatu. Nawashukuru wote mlioniita mtungaji kwa miaka mitatu hii. Ni jina zuri, nimelizoea, na ningeona uchungu kuliacha. Na yeyote kati yenu anayejua kundi linafanyaje kazi, namwomba apite ofisini kabla ya Alkhamisi anieleze taratibu, mimi nitaandika, kwa sababu Alkhamisi wakubwa wanakuja kukisoma. Bi Mwatima, tafadhali, kitabu kiache hapo. Ni hicho hicho kimoja. Na usikifunue.

(Bi Mwatima, wa mwisho mlangoni, anakinyanyua kitabu mpaka puani, anakinusa, kisha anakiweka juu ya kiti cha mgeni. "Nshakiona, mwanangu. Hiki nacho hakijawiva.")