Jinsi Chai ya Moto Ilivyovuka Ua wa Mzee Jonasi

Njooni, enyi watu wa Tunduma! Njooni, madereva mliokwama foleni siku ya tatu, mawakala wa forodha wenye makaratasi kwapani, wabadilisha fedha na waendesha bodaboda. Zimeni injini zenu, mtege masikio, mpate kusikia habari za Jonasi mwana wa Kibona, Fahari ya Ileje, Mshika Funguo za Stoo, ambaye katika mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu, siku ya Jumanne, saa nne ya asubuhi, aliivusha chai ya moto kutoka jikoni hadi barazani, safari ya hatua kumi na tisa. Asiyeuona ukubwa wa jambo hilo na akae kitako, aambiwe.

Shujaa huyo alikuwa amevunjika nyonga. Hakutembea ila kwa magongo mawili, na mwenye magongo mawili hana mkono wa tatu wa kushikia kikombe. Aliishi kwa mwanawe Lwitiko, dereva wa lori, ambaye wiki hii yuko Lusaka na wiki ijayo yuko Lubumbashi, kwa hiyo mchana nyumbani walibaki wawili tu: mzee barazani na mkamwana wake Gwantwa jikoni. Na kati yao palikuwa na ngome isiyoonekana. Maana kwa desturi waliyoshuka nayo kutoka milimani Ileje, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani, hawasogeleani, hawapeani kitu mkononi, wala hawasemezani; akipita huyu, yule hujibanza. Miaka tisa walikaa ua mmoja bila kuonana nyuso, na kila mmoja alimpenda mwenzake kwa sifa za kusikia.

Enzi za Tukuswiga, mke wa Jonasi, ngome hiyo ilikuwa na mlango. Yeye ndiye aliyebeba chai, salamu, lawama na vicheko, huku na huku, kutwa nzima. Mwezi wa pili Tukuswiga akafariki. Wajukuu waliweza kubeba kikombe, lakini walirudi kutoka shuleni saa saba. Chupa ya chai ya zamani, iliyotunza moto tangu alfajiri hadi magharibi, ilivunjika wakati wa matanga. Na ile mpya iliyonunuliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambayo wajukuu walimwachia barazani alfajiri, ingawa ilipambwa maua mekundu ya kupendeza, ilipoza chai kwa bidii kana kwamba inalipwa kwa kazi hiyo. Miezi sita Jonasi alikunywa chai baridi. Msicheke. Mtu aliyefiwa na mke akipewa chai baridi kila asubuhi, kila asubuhi anafiwa upya.

Lakini jasiri hakosi silaha, na silaha ya Jonasi ilikuwa kabatini. Lilikuwa gari la kuongozwa kwa rimoti, la chuma tupu, refu kama mkono wa mtu mzima toka kiwiko hadi vidole. Alipewa na mhandisi mmoja wa kambi ya barabara, miaka ya tisini, kwa sababu katika miaka minne aliyolinda stoo ya kambi hiyo, haikupotelewa hata na msumari. Tumboni mwake palichongwa jina: Halmbrek na Wanawe. Ee Nyumba ya Halmbrek, mafundi wa mafundi! Kila skrubu yao ilikuwa na namba, kila namba ilikuwa na ukurasa katika kitabu, na katika ukurasa wa mwisho wa kitabu hicho waliapa kwamba vipuri vyao vitapatikana daima. Jonasi alikihifadhi kitabu hicho pamoja na Biblia, na siku nyingine alikisoma zaidi.

Jumamosi akafunga sahani ya bati mgongoni mwa gari, akatia betri, akabonyeza. Gari likapiga hatua mbili, likakoroma, likasimama. Gia namba arobaini na moja, baada ya kulala kabatini miaka kumi na mitano, ilikuwa imesagika.

Hakukata tamaa. Baraza lake lilipakana na dirisha la duka la Ferista, mjane mwenye ulimi mwepesi na bidhaa nyingi, nyingi zikiwa za kuvuka mpaka. Akainuka kwa magongo yake, akanena:

"Ewe Ferista, ambaye mkono wako hufika Nakonde na simu yako hufika dunia nzima! Watafute wana wa Halmbrek popote walipo. Waambie, Jonasi Kibona wa Tunduma ameumizwa vitani, anadai gia namba arobaini na moja. Hawatachelewa. Wale si watu wa kuvunja ahadi."

"Shikamoo kwanza, mzee wangu," akasema Ferista, huku akipima sukari.

"Marahaba. Watafute."

Ferista akapekua simu yake kwa kidole gumba, akakunja uso. "Mzee, hawa watu hawapo."

"Wamehama?"

"Wamekwisha. Kiwanda kilifungwa mwaka elfu mbili na tisa. Siku hizi watu wananunua vya bei rahisi, kikifa wanatupa, wanachukua kingine. Hata jina lao wameliuza."

"Mtu anauzaje jina la baba yake?"

"Wameuza tu. Tena hilo jina ninalo hapa dukani, subiri."

Akaweka dirishani boksi linalong'aa. Ndani yake mlikuwa na gari la plastiki, jekundu, lenye taa za kuwakawaka na wimbo usiozimika, na juu ya boneti, kwa herufi zile zile za heshima: Halmbrek. Jonasi akalipima mkononi. Halikufikia uzito wa andazi. Alihuzunika kuliko alivyodhani mtu anaweza kuhuzunikia kiwanda. Aliona aibu kwa niaba ya wanaume ambao hakuwahi kuwaona, walioweka namba kwenye kila skrubu wakidhani dunia itawangoja.

"Hili si gari, Ferista," akasema. "Hii ni kofia ya marehemu kichwani mwa mwizi."

"Maneno mazuri hayo, mzee, lakini hayachemshi maji. Lifungue tumbo basi uone kama kuna cha kukufaa."

Akalifungua kwa ncha ya kisu, kwa uso wa mtu anayelazimika kushika panya. Na humo ndani, katikati ya nyaya nyembamba kama nywele, palikuwa na gia ndogo nyeupe. Akahesabu meno yake: kumi na manne. Akahesabu meno ya gia iliyosagika: kumi na manne. Walionunua jina walikuwa wamenunua na michoro ya kiwanda, wala hawakujisumbua kubadili kitu. Kilichokuwa cha chuma kilikuwa sasa cha plastiki, basi. Gia ikaingia mahali pake kama iliyozaliwa humo.

"Hiyo itadumu wiki moja," akasema Jonasi kwa uchungu.

"Ninayo katoni nzima, mzee wangu," akasema Ferista.

Ndipo ikapambazuka Jumanne, siku ya siku. Wajukuu walikuwa wamekwisha kumpasha mama yao habari ya mpango mzima. Jonasi akaketi barazani, rimoti mapajani, akalituma gari. Nalo likavuka ua likinguruma, likafika mlangoni pa jikoni. Mlango ukafunguka kidogo, pindo la khanga likatokea, na hapo shujaa akagutuka. Miezi sita alipanga kila jambo, asilikumbuke moja: ili aliongoze gari kurudi ingempasa kulitazama, na lilipo gari ndipo alipo Gwantwa. Akakata shauri papo hapo. Akaufunika uso kwa kofia yake, akageuza kiti, akaukabili ukuta. Ataendesha kwa imani.

Uani palikuwa na kuku mmoja, kishingo, mwenye kudonoa-donoa bila hatia. Na kwa kuwa mkamwana hamsemeshi mkwewe, lakini hakuna sheria inayomkataza kumsemesha kuku, sauti ya Gwantwa ikatoka jikoni, ya chini na yenye adabu.

"Wewe kuku, chai iko juu ya sahani. Inaweza kuja."

Jonasi akalirudisha gari kinyumenyume. Magurudumu yakalia, chai ikatikisika.

"Wewe kuku, inakwenda kwenye kuni! Kushoto!"

Jonasi akakata kushoto. Gari likazidi kuzikimbilia kuni.

"Kuku," akauambia ukuta, jasho likimtoka, "nifahamishe, tafadhali. Kushoto kwako au kushoto kwa gari?"

Kuku akadonoa punje moja.

"Wewe kuku, gari linarudi kwa mgongo. Geuza upande mwingine, uelekee bomba."

Akageuza. "Hapo hapo, kuku! Nyoosha! Nyoosha hivyo hivyo!" Na kwa hatua kumi wakaenda, yeye haoni na yule haonekani, wakisemezana kupitia kuku kwa maneno mengi kuliko yote yaliyopita kati yao tangu arusi.

Lakini kuku, aliyeitwa mara nyingi kiasi kile, akaona kumbe anahitajika. Akaja. Akasimama katikati ya njia, mbele ya baraza kabisa, akiinamisha kichwa kuitazama chai iliyokuwa ikimjia.

"Wewe kuku, simama!" akalia Gwantwa. Jonasi akasimamisha gari.

"Si wewe! Wewe kuku, ondoka!" Jonasi akaondoa gari. Kuku akabaki amesimama. Chai ikapanda hadi ukingoni mwa kikombe, ikaanza kumwagika.

"Baba!" akapiga kelele Gwantwa. "Baba, simama!"

Gari likasimama. Ua wote ukasimama. Hata Ferista dirishani aliacha sukari ikimwagika nje ya mizani. Neno lilikuwa limetoka, la miaka tisa, wala halikuweza kurudishwa. Jikoni Gwantwa aliziba mdomo kwa khanga. Barazani Jonasi alishika rimoti kwa mikono miwili, uso wake ukiwa bado ukutani.

Kisha akasema, bila kupitia kwa kuku, polepole, "Nimesimama, mwanangu. Niambie sasa."

"Kuku ameshatoka, baba. Hatua mbili tu zimebaki."

Gari likaja hatua mbili, likagonga mguu wa kiti. Jonasi akapapasa chini, akakipata kikombe, nusu ya chai ikiwa ndani na nusu kwenye sahani, akakinyanyua. Ferista akapiga vigelegele vilivyosikika hadi kwenye foleni ya malori.

Wenye kalamu na waandike, basi, wala wasiache kitu: kwamba Nyumba ya Halmbrek ilianguka kwa sababu watu walipenda vya bei rahisi, na hakuna aliyeililia ila mzee mmoja mpakani, na kwamba Jumanne ile huko Tunduma, ilipotimia saa nne na robo, mzee huyo huyo, akiwa ameupa ulimwengu mgongo kwa ajili ya heshima, alipiga funda moja la chai na kuungua ulimi.