Marashi na Shuka za Mtoto

Dobi aliyeitwa Marashi hakuwahi kupiga hodi nyumbani kwake, maana harufu yake ilimtangulia ikampigia. Kabla hajakunja kona, mtaa mzima ulishajua anakuja na leo amejipulizia nini. Akifika mlangoni anakuta umeshafunguliwa. Yeye aliita hiyo heshima.

Kazini alikuwa na sheria moja: nguo isiyonukia haijafuliwa. Sabuni yake ya unga ilinukia maua ambayo hayajaota popote duniani, na maji ya kupigia pasi aliyatia manukato. Kusuuza alisuuza mara moja tu.

"Ukisuuza mara mbili," alikuwa akisema, "unamwaga kazi yako mwenyewe."

Sasa huyu bwana alikuwa na binti mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na binti ana pumu ya ngozi. Kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti palikuwa pekundu, anajikuna mpaka shuka zinapata damu. Hapo hapakuwa na mzaha.

Mama mtu akampeleka kliniki, akarudi na maagizo. Mtoto aogeshwe maji ya uvuguvugu kwa sabuni isiyo na harufu, apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Kucha ziwe fupi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Na nguo zake zisuuzwe mpaka maji yawe meupe.

"Nani wa kunifundisha mimi kusuuza?" akauliza Marashi. Jioni ile akamtandikia binti shuka maalumu, zilizotiwa manukato maradufu, kwa mapenzi ya baba.

Kulipokucha mtoto alikuwa amejichubua shingo yote. Mkewe hakugomba. Alifunga mizigo.

"Nakwenda kwa mama," akasema. "Siku nyumba hii ikiacha kumwasha mtoto, tutarudi."

Mwanamume akabaki na pasi yake. Akajifanya hajali, lakini alimkosa yule mtoto hadi akawa anavikunja vigauni vyake, anavikunjua, anavikunja tena. Mwishowe kiburi kikamshinda kukibeba. Akafua shuka, mito na mapazia kwa sabuni isiyo na harufu, akasuuza huku roho inamuuma. Zulia akalitoa nje akalikung'utia huko. Vumbi akalifuta kwa kitambaa kibichi hadi juu ya kabati, mahali ambapo hata buibui walishazoea kuishi bila bughudha.

Ndipo akautangazia mtaa kwamba nyumba safi kama ile haijapata kutokea, akatuma salamu kwa mama mkwe aje aione.

Na kwa kuwa mkwe si mgeni wa kupokelewa hivi hivi, Marashi akavaa shati lake la kazini, akajipulizia shingoni, kifuani na kwenye viganja. Nyuma ya masikio akaongeza kidogo, kwa adabu.

Mama mkwe akaja na mke na mtoto. Akapitisha kidole dirishani. Akanusa mto.

"Hii umesuuza wewe?"

"Mimi, mama."

"Hmm," akasema mama mkwe, na kwa mama yule hiyo ilikuwa ni cheti.

Mtoto akawekwa kitandani. Akagaagaa, akacheza, hata kujikuna hakujikuna. Marashi akatunisha kifua.

"Mama, mimi nikiamua jambo langu," akaanza, akamnyanyua binti akamkumbatia kifuani.

Binti akapiga chafya. Akajisugua shingo, kisha kiwiko, kisha akaanza kulia.

"Mpe mama yake," akasema mama mkwe. Mama akapewa, mtoto akanyamaza. "Haya, mchukue tena." Akachukuliwa, akajikuna.

Mama mkwe akamtazama mkwewe kama mtu anayetafuta bati linalovuja.

"Baba, nyumba yako haina kosa," akasema taratibu. "Ambacho hakijafuliwa humu ndani ni wewe."

Marashi akaingia bafuni na kipande cha sabuni ya mtoto.

"Suuza tena," sauti ya mkewe ikasema nje ya mlango.

"Nimeshasuuza."

"Nimesikia maji mara moja tu."

Akatoka amevaa fulana kuukuu, hanukii chochote. Binti akamlalia begani, akasinzia bila kujikuna, na baba mtu akasimama vile vile mpaka miguu ikafa ganzi, asithubutu kukaa. Mizigo ikafunguliwa.

Kesho yake jioni alioga kazini kabla ya kurudi. Akafika mlangoni kwake, akasimama kama kawaida yake. Mlango haukufunguka. Akakohoa. Ikabidi apige hodi, tena kwa kunong'ona, asije akamwamsha mtoto.

"Nani?" mkewe akanong'ona kutoka ndani.

"Mimi."

"Kama ni nguo, dobi hajarudi."

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Haya, kaa hapo barazani umsubiri. Akikaribia tutasikia harufu yake."

Marashi akakaa barazani, akamsubiri.