Turbo kwenye Gari la Babu

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wetu anasema shajara isiyosema kweli ni daftari lililopotea bure. Basi naapa: nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Gari la Babu linauzwa! Mama ametangaza wakati wa chai. Mnunuzi ni daktari wa meno wa nyumba ya kona, atakuja Jumamosi. Babu alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Ni gari dogo la michezo, jekundu, viti viwili. Kiti cha pembeni kilikuwa cha Bibi, Mungu amrehemu. Sasa ni changu. Mama anasema gari lisiloweza kupanda mlima wa shule na watu wawili si gari, ni toroli. Ni kweli kwamba kila asubuhi nashuka katikati ya mlima na kumalizia kwa miguu. Juzi nilifika juu kabla ya Babu.

Nimeamua. Tutaliwekea turbo. Likipanda, Mama atakosa la kusema.

Jumanne, 4 Machi

Gereji ya mtaa wa nyuma. Fundi alicheka hadi akaweka spana chini. Akaniuliza, wewe mtoto, turbo unaijua au umeisikia tu? Nikamweleza kama ilivyo kwenye daftari langu: moshi unaotoka unazungusha feni, feni inasukumia injini hewa. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu nyingi. Akasema nina akili, Mungu anisaidie nisiitumie.

Turbo anayo, ilitoka kwenye gari lililogongwa. Anaitumia kuzuilia mlango! Atatupa bure, maana Babu ndiye aliyemfundisha kuendesha. Babu alikubali kabla sijamaliza sentensi. Mama ameambiwa gari limekwenda kuoshwa. Uongo ni wa Babu. Mimi niliitikia tu.

Alhamisi, 6 Machi

Turbo imefungwa! Nilishika tochi saa mbili nzima. Kaka alipita akauliza mazishi ni lini. Sikumjibu, nimefunzwa adabu. Nilimmulika machoni.

Fundi ametoa onyo. Injini ni ileile ya kiwandani, na ni ya kizee. Haijazoea kusukumiwa hewa, kwa hiyo upepo uwe kidogo. Skrubu ya upepo ameikaza mizunguko mitatu tu, akaweka alama ya rangi nyeupe. Atakayeigusa atakatwa masikio. "Na wewe mzee, usijidhanie umesalimika," akamwambia Babu.

Ijumaa, 7 Machi

Tumejaribu. Tulipanda hadi duka la vitabu, robo tatu ya mlima! Kisha gari likaanza kuhema. Nikashuka. Babu alisema robo tatu ni maendeleo. Lakini tulipofika nyumbani alizima injini, na mikono ikabaki kwenye usukani. Muda mrefu.

Sasa yanayoniaibisha. Babu alipojinyoosha alasiri, nilifungua boneti. Nikaikaza skrubu zaidi, mizunguko miwili tu. Shinikizo likiongezeka, nguvu huongezeka; mtihani ulinipa tisini na moja kwa jibu kama hilo. Kisha nikafuta alama ya fundi, nikapaka nyingine mahali papya. Kazi safi.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari wa meno amekuja na glavu za kuendeshea. Glavu! Babu akamwambia atufuate na gari lake jipya, ajionee. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

Tulipanda! Duka la vitabu lilipita kama halikuwepo. Turbo ilipiga mluzi, Babu naye akapiga mluzi. Kwenye kioo daktari alizidi kuwa mdogo. Babu akasema Bibi hapa angepiga kelele, kisha akapiga kelele kwa niaba yake.

Kwenye geti la shule: pu! Moshi mweupe kila mahali. Gasketi inayozuia maji imeungua, maji yameingia kwenye silinda. Daktari akafika, akatazama, akavua glavu moja baada ya nyingine. Akasema jino likifikia hali hiyo yeye haling'oi, anahama mji. Hanunui!

Tulivutwa kwa kamba hadi gereji. Nikakiri. Fundi alinishika masikio yote mawili, akayapima, akayaachia. Mama alikuja amejaza maneno mdomoni. Akamkuta Babu amekaa juu ya tairi, anacheka hadi machozi. Hajacheka hivyo tangu Bibi atutoke. Mama akayameza maneno. Akasema basi, gari libaki, ila lisisogee hadi fundi aseme.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa nikatafakari makosa yangu, kama tunavyofundishwa. Nimeona moja tu: turbo ilikuwa ndogo. Nimemwandikia muuza vipuri wa mjini. Nakala ni hii:

Shikamoo Bwana. Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii. Nakuomba unijibu kwa posta ya kwanza, kwa anwani ya shule na si ya nyumbani, swali hili moja: turbo ya lori la tani saba, ikibanwa vizuri, inaweza kuingia kwenye gari la viti viwili?