Samosa za Saa Nne

Jumatatu, 8 Septemba 1997
Asante Mungu! Mkuu wa chuo amenipa mimi, Muigai, kupanga ratiba ya muhula kwa kompyuta. Miaka yote mwalimu mwenzangu, Madam Madhuri, ameipanga kwa ubao na pini. Amenipongeza. Wivu tu huo!

Kompyuta inatafuta ratiba yenye makosa machache, na uzito wa kila kosa naupanga mimi. Mwanafunzi kuharibiwa siku yake: pointi moja. Mimi kufundisha saa nne, saa ya chai: pointi elfu. Ni haki. Kila nikitoka darasani, Githinji wa uhasibu amemaliza samosa zote. Jamaa hatafuni!

Jumatano, 10 Septemba
Ratiba imetoka. Saa nne niko huru wiki nzima! Nimekula samosa tatu nikimwangalia Githinji machoni. Nashukuru sayansi.

Alhamisi, 11 Septemba
Ngai, Mungu wangu! Ili kunipisha mimi, kompyuta imesukuma nusu ya chuo hadi mchana. Syokau wa mwaka wa mwisho alikuja analia. Saa nane huwa kiwandani Ruiru, na saa nane hiyo hiyo nimempa hesabu. Ama aache kazi, ama aache masomo. Nikamwambia kompyuta haikosei. Akauliza ni nani aliyeiambia cha kufanya. Nikaangalia dirishani.

Ijumaa, 12 Septemba
Madhuri hakunicheka hata. Amewaita wanafunzi uwanjani, akasema kila mmoja ashike bega la mwenye nafasi ya kipindi anayoitaka. Mistari ikapinda, ikawa duara. Duara likifunga, wote ndani wanabadilishana vipindi na kwenda zao. Ajabu!

Akabaki Syokau peke yake. Akatembea polepole, akashika bega langu. Hesabu nafundisha mimi, na nafasi iliyobaki ni ile yangu ya saa nne. Githinji alikuwa mlangoni, mdomo umejaa. Nikakubali. Syokau alilia tena, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Na mimi nikatokwa na machozi, sioni haya kusema.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimefundisha saa nne. Syokau mbele kabisa, anaandika. Nikarudi bila matumaini, nikakuta samosa mbili mezani kwangu, zimefunikwa kwa kisahani. Ni Madhuri! Tena ameniombea kwa mkuu nipewe ratiba ya mitihani. Watu wazuri wapo, jamani. Nashukuru kutoka moyoni.

Na kosa langu nimeshaliona. Pointi elfu zilikuwa chache. Sasa saa yangu ya chai nimeiwekea elfu mbili.