Malalamiko ya Mteja Aliyetembezwa kwa Miguu Uingereza

Arlington, Texas
Tarehe 19 Januari 2025

Kwa Mkurugenzi,
Pepea Safari na Tiketi,
Gulfton, Houston.

Ndugu Mkurugenzi, ambaye pia ni shemeji yangu Truphosa,

YAH: LIKIZO YA SIKU TISA KATIKA VIJIJI NA MIJI YA MASOKO YA UINGEREZA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, nyuma ya ile meza yako yenye ndege ya plastiki. Nakuandikia kama mteja. Mambo ya ushemeji tutayazungumza siku nyingine. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeanza kucheka.

Kwa faida ya Mama Mkwe, ambaye nitamtumia nakala, nieleze kwanza hali ilivyokuwa kabla ofisi yako haijaingilia. Mimi ni dereva wa trela. Mke wangu Lydiah, mdogo wako, anatunza wazee katika nyumba moja hapa Arlington, zamu ya usiku. Nikirudi kutoka Laredo, yeye anatoka. Akirudi yeye, mimi niko Oklahoma. Binti yetu Sharleen alipoenda chuoni Lubbock mwezi wa nane, nyumba ikawa kimya kabisa. Kwa miaka kumi na moja tuliyoishi hapa hatukuwahi kugombana hata mara moja. Kanisani tulitolewa mfano kwa wachumba. Ukaja wewe na kipeperushi chako: kijiji chenye theluji kidogo, daraja la mawe, bata wawili. "Shemeji, mpeleke mdogo wangu akapumzike," ukasema. Nikampeleka. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kipeperushi kiliahidi "barabara ndogo za kupendeza". Hilo neno "ndogo" lilihitaji maelezo zaidi. Mimi naendesha trela ya magurudumu kumi na manane na sijawahi kugusa hata kioo cha gari la mtu. Siku ya pili, nje kidogo ya kijiji cha Little Hobley tulikofikia, nikiwa ndani ya kigari cha kukodi chenye ukubwa wa friji, nilikutana na trekta linalovuta tela la kondoo. Michongoma kushoto, michongoma kulia. Nilirudi nyuma kwa ujuzi wangu wote mpaka gurudumu likatumbukia mtaroni na tairi likapasuka. Mwenye trekta, mzee aliyevaa kofia ya sufu, akashuka, akafunga kamba, akanivuta, na muda wote huo yeye ndiye aliyekuwa akiniomba msamaha. Mara nne, nilihesabu. Na kosa lilikuwa langu! Huku kwetu aliyekosewa anapiga honi, mambo yanaisha hapo. Kule unaombwa radhi na mtu uliyemzibia njia, unabaki na hatia yako mkononi bila pa kuiweka. Waliotukodisha gari wakasema lingine litapatikana baada ya Krismasi. Kwa hiyo siku zote zilizobaki tulitembea. Mimi, Truphosa. Kwa miguu.

2. Mwaka wa 1988 baba yangu aliuza ng'ombe wawili ili aezue nyasi na kuweka mabati. Kijiji kizima kilikuja kusikiliza mvua ikiyapiga, na baba akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayelala tena chini ya nyasi. Ofisi yako imenivunjia kiapo cha marehemu. Nyumba mliyotupangia imeezekwa nyasi, na mwenyewe alituonyesha paa lake kwa fahari, akasema nyumba ni ya kale na sheria inamkataza kuliondoa. Sheria! Ndani, mihimili iko chini kiasi kwamba siku ya kwanza niligonga kichwa mara tatu. Mara ya tatu nikasikia mwanamke akicheka, kicheko cha mtu aliyeshika tumbo, nikadhani ni jirani. Alikuwa Lydiah. Naliweka hili katika malalamiko kwa sababu mwanamume wa miaka arobaini na tisa hapaswi kupelekwa ng'ambo ili agundue kwamba hakitambui kicheko cha mkewe.

3. Hakuna mahali katika kipeperushi palipoandikwa kwamba jua la Uingereza mwezi wa Desemba linafunga kazi kabla ya saa kumi jioni. Baada ya hapo ni giza, watu wawili, moto wa kuni na birika. Jioni ya kwanza nilikagua kuni. Ya pili nilisoma maagizo yote kwenye mtungi wa kuzimia moto, pamoja na tarehe ya ukaguzi. Ya tatu niliyasoma tena. Lydiah alikuwa akinitazama kama anavyomtazama mgonjwa mpya anayekataa kula.

4. Tarehe 23 tulikwenda Marlingbury, mji wa soko, maili tatu kwa njia ya miguu inayokatiza mashamba ya watu. Nilifika kwenye lango la kwanza nikasimama. Nimeishi Texas muda wa kutosha. Siingii shamba la mtu.

"Vicent, kibao kinasema njia ni ya watu wote," Lydiah alisema. "Pita."

"Pita wewe kwanza."

Akapita. Nikamfuata, mikono nimeitoa mifukoni ionekane vizuri. Mwanamke mmoja alitokea dirishani, nikasimama tena. Akatupungia kitambaa cha vyombo. Hatukupigwa risasi, hatukuulizwa tunatoka wapi, hata mbwa hakubweka.

Mji wenyewe sina la kuukosoa, na hilo nalo linaudhi. Uwanja wa mawe, mnara wa saa, maturubai ya mistari, mashada ya Krismasi, watu wanapanga foleni hata pasipo na foleni. Lakini muuza jibini, mama wa makamo mwenye glavu zisizo na vidole, aliniita "mpenzi". Mbele ya mke wangu! "Onja hii, mpenzi." Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni mume wa mtu. Lydiah alikuwa amesimama kando, kipande cha jibini mkononi. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, bila kunitazama, "Mwache. Una bahati, umepata wa kukuita hivyo."

Nikanunua jibini kilo moja na nusu.

5. Hili ndilo lalamiko kuu. Wakati wa kurudi mvua ya manyunyu ilitushika, tukajikinga kwenye kibaraza cha kanisa la kijiji. Hapo ndipo Lydiah aliponiambia alichokuwa amekibeba tangu Texas. Kwamba amepata kazi Houston, inaanza Jumatatu tarehe 3 Februari. Kwamba atakaa kwako, katika chumba cha nyuma. Kwamba wewe, Mkurugenzi, ulijua. Kwamba safari nzima, vijiji, madaraja na bata, ulimtengenezea wewe kwa sababu, nanukuu maneno yako, "Hapo Arlington hutampata amekaa chini umwambie."

"Siondoki kwa hasira," alisema. "Hujanifanyia ubaya wowote. Nimechoka tu kuishi na viatu vyako. Nikiviona mlangoni najua umerudi, nisipoviona najua umeenda."

Nilipaza sauti, nakiri. Nilitaja maili nilizoendesha, barafu ya Amarillo, mgongo wangu, kila kitu isipokuwa yeye. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wawili alisimama mvuani akauliza kama tuko salama. Nikamwambia tuko salama kabisa. Akamtazama Lydiah, akanitazama mimi.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hamko salama."

Akatuachia mwavuli wake, akaenda zake akilowa.

Tulitembea chini ya mwavuli mmoja. Kama njia ingekuwa pana ningetembea upande wangu na hasira zangu, lakini njia za huko, kama nilivyokwisha kueleza, ni ndogo. Bega lake lilikuwa linagusa langu kila hatua. Mwishowe nikamuuliza anataka nini.

"Nataka mtu wa kuniuliza kazini kulikuwaje."

Nikamuuliza. Shemeji, nilidhani jibu lingechukua dakika mbili. Alianza na Bwana Hollis, mzee aliyemlisha na kumwogesha kwa miaka sita, ambaye siku za mwisho alikuwa akimwita kwa jina la binti yake. Alifariki Oktoba. Lydiah alikwenda mazishini peke yake, akaketi kiti cha nyuma kabisa, hakuna aliyejua yeye ni nani. Jioni hiyo nilimpigia simu kutoka njiani. Nilimuuliza jambo moja tu: kama fundi wa gari alipiga.

Nilikuwa sijui. Miaka sita mtu huyo alikuwa akiishi katika maneno ya mke wangu, na mimi sikuwahi kusikia hata jina lake. Alikuwa bado anasimulia tulipofika nyumbani, akasimulia mpaka mchuzi ukaungua sufuriani, na mimi nilikuwa nalia, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba mliyotupa.

6. Madhara bado yanaendelea. Tangu turudi siwezi kutulia. Nimeomba kazini wanipe njia fupi, sasa nalala nyumbani kila siku. Jioni, kabla Lydiah hajaenda zamu, anavaa raba zake, tunatoka kutembea. Arlington haikujengwa kwa ajili hiyo. Njia ya miguu inaanzia mbele ya benki na kuishia kwenye nguzo ya stima. Wiki iliyopita magari matatu yalisimama kutuokoa. La kwanza lilikuwa la Egide, yule Mrundi tunayesali naye.

"Ndugu Vicent, gari imekufa? Niko na nyaya za betri."

"Gari ni nzima. Tunatembea tu."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Hatuendi mahali."

Alitutazama kwa huruma sana, na Jumapili tukatajwa katika maombi ya familia zenye shida.

Na tunagombana, Mkurugenzi. Karibu kila siku! Kuhusu chumvi, kuhusu mapazia, kuhusu neno nililosema mwaka wa 2016 ambalo mimi nilikwisha kulisahau na yeye amelihifadhi vizuri. Tena tukimaliza kugombana anacheka. Ile sifa yetu kanisani imekwisha. Hakuna mchumba anayeletwa tena kwetu kujifunza.

Kwa hiyo naitaka ofisi yako ifanye mambo matatu. Kwanza, iandike kwenye kipeperushi, kwa herufi kubwa, kwamba vijiji hivi vinasababisha mazungumzo. Pili, iniombe radhi kwa maandishi kwa kunipanga katika safari ambayo mimi ndiye niliyekuwa kivutio. Tatu, na hili nalisisitiza, chumba cha nyuma apewe mpangaji mwingine kabla ya tarehe 3 Februari. Lydiah hajaniambia ameamua nini. Mambo ya kazini namuuliza kila siku, sasa nayajua hata majina ya wajukuu wa wazee wake. Hilo moja siliulizi. Naogopa, Truphosa, na ninaiandikia ofisi yako kwa sababu siwezi kumwandikia yeye.

Nisalimie mumeo Kigen na umwambie lile kosa la kuoa katika ukoo wenu tunalishiriki wote wawili. Nisalimie pia Mama Rosette wa duka la vitenge mlango wa pili, na fundi viatu, na yeyote atakayeingia ofisini kuulizia Uingereza. Huyo umwambie aende na viatu vizuri.

Ni mimi niliyeumia na kuridhika kwa wakati mmoja,

Vicent Mogaka
(Mteja)

NYONGEZA, Jumanne tarehe 21: Barua hii ilikaa mezani siku mbili nikitafuta bahasha, Lydiah akaiona. Ameisoma yote akiwa amesimama. Amesahihisha maneno mawili, akasema bata walikuwa watatu. Kisha akasema anakwenda Houston. Kazi yenyewe anaitaka, atakuwa msimamizi wa zamu ya mchana, na ameshawapa neno lake.

Akavuta kiti akaketi mbele yangu.

"Sasa uliza," akasema.

Nikamuuliza kama naweza kwenda naye.

Leo asubuhi nimeongea na msimamizi wangu. Upande wa bandari ya Houston wanahitaji dereva wa safari za mchana, naanza wiki ya pili ya Februari. Kwa hiyo naomba uyapuuze madai yote matatu, hasa la tatu. Chumba cha nyuma usimpe mtu yeyote mpaka tupate nyumba yetu. Tutafika Jumamosi tarehe mosi, mchana. Usihangaike kupika. Lydiah anasema atapika yeye, na mimi nimepewa kazi ya kukata vitunguu.