Chafya Tatu za Makusudi

Jumatatu, 4 Machi

Nimefungwa. Na nani? Sindano! Fundi cherehani! Mtu ambaye mguu mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi! Seti tatu kwa mbili, jana jioni, mbele ya chama chetu chote cha mpira wa meza. Wanachama kumi na saba, pamoja na mama mkwe wangu, ambaye si mwanachama. Alimfuata Sindano ukumbini kumuulizia gauni lake, akaona heri abaki ashangilie. Hakunishangilia mimi.

Miaka tisa nimekuwa nahodha. Tarehe 23 kura zinapigwa. Leo kila ninayekutana naye ananiamkia kama mgonjwa. Binamu yangu fundi rangi, aliyekuwa akihesabu pointi, kanifariji eti hata mti mkubwa huanguka. Nimemwambia aende zake.

Lakini mimi ndiye katibu. Faili la kanuni liko dukani kwangu, juu ya kabati la mihuri. Nimelifungua. Kanuni ya kumi na moja: mwanachama aliyesimamishwa kwa utovu wa nidhamu hawezi kugombea unahodha.

Nimeisoma mara nne. Kila mara inazidi utamu.

Jumanne, 5 Machi

Kosa limepatikana! Alipiga chafya. Mara tatu, zote mimi nikianzisha mpira, zote katika seti ya mwisho. Nani atasema hiyo ni bahati?

Nimeandika malalamiko kurasa mbili. "Chafya tatu za makusudi, pamoja na kunitazama kwa huruma baada ya mchezo." Nimeomba asimamishwe miezi mitatu. Nimegonga muhuri wa DHARURA, wa SIRI, na mmoja wa NYAMA IMEKAGULIWA. Huo wa mwisho ulikuwa wa mteja. Kuchonga mihuri ndiyo kazi yangu, na mkono wa fundi hauchagui.

Jopo la kusikiliza shauri nalo nimelipanga mwenyewe. Mwenyekiti: mimi. Mwandishi: mimi. Mjumbe: binamu. Naona jambo litakwisha katika dakika kumi.

Jumatano, 6 Machi

Halitakwisha.

Nimempelekea Matroni. Ndiye mwenyekiti wa chama, muuguzi mkuu mstaafu, na sauti yake ingali inanyoosha shuka toka mlangoni. Kasoma kurasa zote mbili kwa utulivu. Kavua miwani. Kauliza ile nyama ilikaguliwa na nani.

Halafu kaniuliza iweje mlalamikaji awe shahidi, tena awe hakimu. Kesi ya nyani, kasema, haipelekwi kwa ngedere. Nimemjibu kwamba mimi naweza kujigawa. Kanitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama waliomficha vidonge chini ya ulimi.

Amri zake: jopo la watu watatu wasio na maslahi, likiongozwa na daktari wa meno. Mlalamikiwa apewe barua siku saba kamili kabla, iseme kosa lake waziwazi. Aje na mtu anayemwamini. Aulize mashahidi maswali. Shauri ni Jumamosi tarehe 16. Barua naipeleka mimi, kwa kuwa ndimi katibu, na imfikie kabla ya kesho kutwa jioni.

Nimetabasamu njia nzima. Kama barua "imemfikia" na hakuiona, nani wa kulaumiwa?

Alhamisi, 7 Machi

Akili ni nywele, na zangu bado zipo, angalau pembeni.

Nimempelekea Sindano suruali yangu ya kijivu aipunguze kiuno. Barua nimeitia mfuko wa nyuma, nimeisukumia chini kabisa. Nimemkabidhi mikononi, mbele ya wateja wawili! Nikamwambia sina haraka, hata mwezi ujao sawa. Siku ya shauri hatokei. Asipotokea, anahukumiwa bila kuwapo.

Alinikaribisha kiti. Alinipa chai. Nilikunywa vikombe viwili ili asishuku.

Ijumaa, 8 Machi

Kumbe mafundi hupekua mifuko kabla ya kukata kitambaa!

Sindano kapiga simu asubuhi. Kashukuru kwa barua. Kasema atakuja, akaomba radhi kwa usumbufu wa chafya. Kisha kasema mfukoni mlikuwa na karatasi nyingine, imekunjwa, lakini kwa vile haina jina lake hakuifungua. Ataniletea pamoja na suruali.

Karatasi nyingine? Karatasi ipi?

Jioni suruali imefika nyumbani. Kaipokea mama mkwe. Karatasi haimo. Nimemuuliza kwa adabu zote, mama, hukuona kijikaratasi? Kajibu kwamba macho yake siku hizi hayaoni hata uzi.

Jumatano, 13 Machi

Nimekumbuka! Ni ile rasimu ya maneno ya binamu. Nilimwandikia aseme nini pale jopo litakapomhoji, maana yeye akiachwa peke yake husema kweli. Basi. Bila shaka imepotelea njiani. Nimemwandikia nyingine. Anaikariri juu ya ngazi, anapopaka kuta za zahanati.

Habari nyingine, na hii imenikata maini. Sindano kamchagua mtu wa kuingia naye. Mama mkwe wangu! Nimemwambia mke wangu amzuie mama yake. Mke wangu kasema yeye hana ugomvi na mtu anayemshonea. Nimemwendea mwenyewe, nimepiga magoti nusu. Kasema, "Mwanangu, wewe nakulisha na yeye ananivisha. Siwezi kwenda uchi."

Jumamosi, 16 Machi

Siku ya siku. Meza ya mchezo imekunjwa ukutani, viti vimepangwa nusu duara, jagi la maji katikati. Daktari wa meno kafungua kwa kusema hapa hakuna mwenye kosa mpaka lithibitike. Kamuuliza Sindano kama aliipata barua kwa wakati. Sindano kasema ndiyo, mfukoni. Wajumbe wawili wakaniangalia. Nikawamiminia watu maji.

Nilisoma malalamiko yangu kwa hisia. Daktari kauliza nimejuaje chafya ilikuwa ya makusudi. Nikasema ilikuwa na mwangwi.

Akaitwa binamu. Aliingia akiwa amenyooka kama mwanafunzi. Akafumba macho, akaanza:

"Nilisikia chafya tatu kubwa, nyamaza kidogo, inamisha kichwa."

Daktari kamwomba arudie. Karudia. Neno kwa neno, kichwa kakiinamisha vizuri kabisa. "Zilimuumiza sana nahodha wetu mpendwa..."

Kasahau. Kaniangalia. Mimi nikaangalia jagi.

"Hapo futa jicho," mama mkwe kamkumbusha, toka kwenye kiti chake. Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa, akamkabidhi daktari kwa mikono miwili. Macho yasiyoona uzi!

Baadaye Sindano kapewa nafasi yake. Hakupiga kelele. Kasema vumbi la vitambaa limemkaa puani mwaka wa ishirini sasa. Kasema kila alipopiga chafya aliomba pointi irudiwe, na mimi nilikubali mara zote, nikazikosa mara zote. Kisha kasema, "Siku sita mgongo wangu umekunjwa juu ya cherehani. Hapa ndipo ninaponyooka. Mkinisimamisha miezi mitatu, sitabisha. Ila mjue mmenikunja tena."

Mimi nikajimiminia maji, nikapaliwa. Yale maji hayakuwa safi.

Jumanne, 19 Machi

Uamuzi umekuja kwa maandishi, na sababu zimeorodheshwa. Nilitarajia mstari mmoja. Ni kurasa tatu! Malalamiko hayakuthibitika. Kumtazama mtu kwa huruma si kosa la kimichezo.

Jumatano, 20 Machi

Barua nyingine. Hii ni yangu. Nashtakiwa kumfundisha shahidi!

Nimekimbia kwa Matroni na raketi yangu mkononi, nimwachie mezani, niondoke kwa heshima. Nilijua kwisha habari yangu. Kaniambia niketi. Hujahukumiwa, kasema. Una siku zaidi ya saba, utasikilizwa, jopo ni jingine, watu wengine kabisa, wala kura ya unahodha hakuna wa kukuzuia. Nimemuuliza kwa nini ananihurumia. Kasema si huruma, ni utaratibu, ule ule niliotaka kuuruka. Mama mkwe, niliporudi, hakuwa na maneno mengi: mkuki kwa nguruwe.

Jumamosi, 23 Machi

Sindano, kura kumi na tano. Mimi, mbili.

Ya kwanza najua nani kaniandikia. Ya pili nimeisaka mchana kutwa. Binamu kaapa si yeye, na kwa mara ya kwanza sikumfundisha. Mwishowe Sindano mwenyewe kanivuta kando. Kasema aliona haya kujipigia.

Udhaifu! Nahodha gani huyo?

Jumanne, 26 Machi

Natafuta mtu wa kuingia naye. Mke wangu kasema siku hiyo anaosha nywele. Binamu kasema yeye ni shahidi tena, safari hii upande wa pili. Mwenye bucha, yule wa muhuri wa nyama, kasema hana nafasi mpaka mwakani.

Mchana kaja Sindano dukani, kofia mkononi. Kauliza kama nimeshapata mtu. Nikasema nimepata watatu, nachagua. Akasema sawa, ila wakikataa wote watatu, yeye yupo.

Wamekataa.

Jumamosi, 30 Machi

Nimesikilizwa. Nilikiri, maana karatasi ile ina mwandiko wangu, tena niligonga muhuri wa NAKALA HALISI.

Jopo lilikuwa linaelekea kunisimamisha miezi sita. Sindano kaomba kusema. Kasema miaka tisa mimi ndiye ninayefungua ukumbi, ninayekaza wavu, ninayewafundisha wageni kushika raketi. Yeye mwenyewe nilimfundisha. Alipokuja mara ya kwanza aliishika kama mkasi, na sikumcheka.

Kwa kweli nilimcheka, ila alipokwisha kuondoka. Sikuona haja ya kuwasahihisha.

Onyo la maandishi. Faili la kanuni linahamia kwa Matroni. Nina haki ya kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne. Tulipotoka, Sindano kanishika bega, kaniuliza kama nitacheza naye jozi kwenye mashindano ya Jumamosi ijayo. Niliitikia kwa kichwa.

Nyumbani mama mkwe kaniongezea chakula bila kuombwa. Labda, nikawaza, kuna jambo la kujifunza hapa.

Jumamosi, 6 Aprili

Tumeshinda! Jozi yetu, mechi zote nne! Watu wamesimama, Matroni kapiga mluzi kwa vidole viwili, mke wangu kapiga makofi mpaka saa ikamtoka mkononi. Sindano kanikumbatia. Kawaambia wote kombe ni langu, yeye alikuwa akinifuata tu.

Nimerudi nyumbani na furaha tele. Nimevua viatu. Nimekaa. Nikaanza kuukumbuka mchezo, pointi baada ya pointi.

Aliniomba radhi mara kumi na moja. Nimehesabu. Mara moja aliponikanyaga, sawa. Mara mbili tulipogongana mabega, haya. Lakini mara nane mpira niliukosa mimi, na akaomba radhi yeye! Kwa sauti! Mbele ya watu! Mtazamaji ataelewa nini, kama si kwamba nahodha mwema anamstahi mwenzake asiyeweza?

Hakuna kanuni inayokataza kuomba radhi kupita kiasi. Chama kizima, miaka yote hii, hakuna aliyeliona pengo hilo!

Nimekwisha kuanza barua. Niko ukurasa wa tatu.