Siku Nilipobeba Kengele ya Mbwa wa Ajida

Wandugu wa grupu, leo haya imenipata mbele ya Kasongo nzima, na fanfare, ile bendi ya ngoma na tarumbeta, ilikuwa inapiga. Nawaandikia mimi mwenyewe kabla hamujasikia kwa watu wa soko, maana watu wa soko wanaongeza chumvi. (Hii haihitaji chumvi.)

Munanijua. Mimi ni Baba Bashi. Shule niliiacha kabla sijajua kuandika jina la baba yangu lote. Nilitoka Kabambare nikisukuma baiskeli ya mafuta ya mawese kwa miguu, na leo hakuna ndoa, kilio wala mukutano katika muji huu bila bashi zangu, maturubai ya kivuli, na viti vyangu vya plastiki. Ndiyo maana komite ya sherehe ilinipa kazi ya protokole. Hawakunipa kwa huruma. Viti ni vyangu, nani mwingine atasema nani akae wapi?

Sherehe ya leo ilikuwa ya askari wazee. Wale walioumia vitani walikuwa wapewe karte zao, vitambulisho vya majeruhi, mbele ya watu, kutoka mukononi mwa Bwana Administrata. Nilipanga yote mwenyewe tangu alfajiri. Nikasimika bashi kubwa ya wakubwa. Pembeni, nikazungusha choo kwa kipande cha bashi kilichobaki. Kilikuwa kifupi, kilifika kifuani tu. Nikasema haizuru, mutu akiwa chooni kinachofichwa ni cha chini, si cha juu. Kisha nikaita fanfare nikaipa amri: "Askari akiitwa jina, akisimama tu, mupige ngoma nyuma yake mpaka afike."

Mupiga tarumbeta akaniuliza: "Popote atakapopita?"

"Popote!" (Mungu wangu.)

Saa tatu motari mumoja akaingia na pikipiki yake kutoka Wamaza. Nyuma alibeba muzee mwenye koti la jeshi lililopigwa pasi vizuri, na muzee alikumbatia kitunga. Ndani ya kitunga, mbwa! Huyo muzee ni Ajida Kalume, ajida ni cheo chake cha jeshi. Macho yake yote mawili aliyaacha vitani. Mbwa akaruka chini, akajipukuta vumbi, na kengele ya muti shingoni ikalia kokoro, kokoro. Munazijua zile kengele, wawindaji wetu wanazifunga kwa mbwa, kwa sababu mbwa wa pori habweki, bila kengele unamupoteza. Ajida anashika kamba, anasikiliza kengele, anatembea kama mutu mwenye macho mapya. Jina la mbwa ni Waache-Waseme.

Mimi nikaweka mukono mulangoni mwa uwanja, nikamuzuia.

"Ajida, karibu sana. Mbwa abaki inje."

"Kwa nini?"

"Hii ni sherehe ya wakubwa. Haiko uwindaji."

Akainamisha sikio kidogo. "Ndani nasikia sauti ya Musafiri, yule wa muguu mumoja. Ameingia na mabekiye yake, magongo yale ya kwapani?"

"Ndiyo."

"Ulimwambia mabekiye yabaki inje?"

"Mabekiye hayana viroboto!"

"Musafiri mwenyewe je, ulimukagua?"

Watu wa mulangoni wakacheka. Hapo ndipo walipoharibu. Mimi mukinicheka, nakuwa muti mukavu, sipindiki tena. Nikakimbilia kwenye dini: "Tena Shehe anakaa safu ya kwanza! Mbwa akimugusa na mate, nani atajibu?"

Kumbe Shehe alikuwa nyuma yangu, anangoja nimupishe. "Baba Bashi," akasema, "usinifanye fimbo yako. Mbwa wa kazi ni wa kazi. Nitavuta kanzu yangu, apite."

Hapo mutu mwenye akili angefungua mulango. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema hapana mbele ya watu, na hapana yangu iko kama pikipiki, haina gia ya kurudi nyuma.

"Nitakushika mukono mimi mwenyewe," nikamwambia Ajida. "Nitakufikisha mpaka mbele, kwa heshima."

Akazungusha kamba ya mbwa mukononi. Kisha akasema polepole, na watu wakaacha kucheka: "Sikiliza, ndugu yangu. Vitani nilienda na miguu yangu. Nilirudi nikibebwa. Hii karte nimeingoja miaka na miaka. Leo sibebwi, sivutwi, sishikwi mukono kama bibi arusi. Nitaenda mwenyewe mbele ya watu, ao narudi Wamaza."

Na akageuka kweli! Motari akapiga kiki. Nikaona komite wananitazama kwa jicho lile la "utaeleza mwenyewe". Ndipo akili ikanijia. (Nilidhani ni akili.)

"Ngoja, Ajida! Nipe kengele. Mbwa abaki na motari. Jina lako likiitwa, mimi natangulia nikiipiga, wewe unafuata sauti. Hakuna mutu atakushika."

Ajida akafikiri. "Kwa hiyo leo mbwa ni wewe."

"Mbwa hapana! Ni protokole."

"Waache-Waseme hajaniangusha hata siku moja."

"Mimi pia sitakuangusha."

Alikubali kwa kuchoka, si kwa kuridhika, hilo niliona. Akapiga magoti, akaifungua kengele mwenyewe kwa vidole, akanipa. Mbwa alinitazama kama mutu aliyeibiwa kazi. Nikaitia kengele katika mufuko wa koti, nikamukalisha Ajida pembeni ya safu, kiti kizuri, na nikarudi kusimama mbele na kifua changu. Nilifurahi sana. Nilijiona nimetatua jambo ambalo hata wenye diplome wangelikimbia.

Sasa, tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi vikombe vitatu, vile vikubwa. Hotuba ya kwanza nikavumilia. Ya pili nikapishanisha miguu. Ya tatu, wandugu, muzee wa umri wangu hana majadiliano na maji. Nikahesabu: Ajida ni wa tano kwa liste ya majina. Iko nafasi. Nikatoka taratibu, kwa mwendo wa protokole, kama mutu anayeenda kukagua viti.

Mambo mawili sikuyajua. La kwanza, mushika mikro, yule anayeita majina, aliamua (bila kuniuliza!) kuanza na yule aliyetoka mbali kuliko wote. La pili, kila nikikanyaga, mufuko wangu ulikuwa unalia kokoro, kokoro. Sikusikia. Mutu hasikii kelele yake mwenyewe.

Nikaingia nyuma ya kile kibashi kifupi. Nikafungua suruali. Nikaanza. Raha! Nikasikia ngoma. Nikasema moyoni, kumbe wa kwanza ameitwa, muzuri, kazi yangu inaenda. Ngoma ikasikika karibu. Nikasema, upepo. Ngoma ikasikika karibu zaidi, na tarumbeta. Nikajitingisha niharakishe, na kengele ikalia kwa nguvu.

Ndipo Ajida Kalume akatokea kwenye kona ya choo. Peke yake, kifua mbele, hatua za jeshi, uso kama jiwe. Nyuma yake fanfare nzima, watu wanane, wanapiga huku macho yao yananiambia: "Wewe ndiye ulisema popote." Kengele ilinyamaza kwa sababu mimi niliganda. Ajida naye akasimama, hatua moja tu kutoka kwangu. Akagonganisha visigino. Akapeleka mukono kichwani.

"Ajida Kalume! Niko tayari, Mukubwa!"

Wandugu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Bashi ilinificha chini tu, uso wangu ulikuwa inje kama mwezi, na safu zote zilikuwa zimegeuka. Bwana Administrata alikuwa amesimama na karte mukononi, hana wa kumupa. Kinywa kikafunguka chenyewe.

Nikasema: "Repo!"

(Ndiyo. Repo! Kama jenerali anayemuruhusu askari wake apumzike. Mimi ambaye sijashika hata bunduki ya kuwindia ndege!)

Uwanja ukapasuka. Mupiga tarumbeta alicheka ndani ya tarumbeta, ikatoa sauti ya mbuzi. Shehe alifunika uso na kanzu. Waache-Waseme, aliyekuwa amesikia kengele yake tangu mwanzo, akamuponyoka motari, akapita chini ya bashi, akakaa kwenye muguu wa Ajida na kuitazama kazi yangu.

Lakini mimi niliona uso wa Ajida, na hapo sikuwa na kicheko. Mukono ulishuka polepole kutoka kichwani. Akavuta pua.

"Hapa ni wapi?"

"Ni choo, Ajida."

"Na watu wananicheka mimi."

Ningeweza kusema uongo mwingi. Niko na akiba. Lakini nikasema: "Hapana, Ajida. Wanacheka mimi. Kengele ilikuwa katika mufuko wangu na niliisahau. Wewe umetembea vizuri. Mbwa ndiye alikosea njia."

Akauliza: "Umekwisha kufunga suruali?"

"Bado."

Basi yule muzee akaanza kutetemeka mabega. Nikafikiri analia. Kumbe cheko! Alicheka mpaka akamushika mbwa shingo asianguke. "Nimepigia saluti wakubwa wengi," akasema, "lakini huyu ndiye wa kwanza kunipokea akiwa tayari namna hii. Lete kengele."

Nilifunga suruali kwanza. (Na mikono nikanawa, musianze.) Kisha nikapiga magoti mbele ya watu wote, nikamufunga Waache-Waseme kengele yake kwa mikono yangu. Alinilamba sikio. Nikatoka nikaenda kwa mikro, nikaikamata, nikasema kwa sauti ile ninayoitumia kuhesabu viti: "Kwa amri ya protokole! Mutu anaingia na kile kinachomutembeza. Bekiye, fimbo, bibi yake, mbwa wake. Mulango uko wazi. Niliyeufunga nilikuwa mimi."

Wakamuita upya. Mbwa mbele, kokoro, kokoro, Ajida nyuma na kamba imelegea, hakuna aliyemugusa. Fanfare wakanitazama kwanza, wanaogopa. Nikawapa ishara. Kwenye ngazi za jukwaa mbwa akasimama, Ajida akatafuta kwa kidole cha kiatu, akapanda moja, akapanda mbili. Nafasi yote ile ilikuwa yake. Akachukua karte, akaipapasa pembe zote nne, akapiga saluti, na akasema kwa mikro: "Bwana Administrata, unisamehe. Hii ni saluti yangu ya pili leo. Ya kwanza nilikuwa najaribu kwa protokole."

Nilipiga makofi kuliko wote. Nasema kweli, nilifurahi, hata haya ikakaa pembeni kidogo. Baadaye tulikula wali na kuku, mimi na yeye viti viwili pamoja, mbwa katikati. Nyama yangu nyingi iliishia chini, na sikulalamika.

Shida ilianza njiani. Kutoka uwanjani mpaka kwangu, kila motari aliyenipita alipeleka mukono kichwani. Wauza mihogo wakasimama musitari. Nikasema nitapumzika nikifika nyumbani. Nikabisha mulango. Mama Bashi, bibi yangu wa miaka yote hii, akafungua, akagonganisha ndala zake, akaniambia: "Niko tayari, Mukubwa!"

Basi nawaomba jambo moja, kesho sokoni musinipigie saluti. Nilikuwa jenerali dakika moja tu, na hata hiyo dakika suruali ilikuwa wazi.